Ng'ombe Apumzishwe Siku 28

Jumatatu, 23 Juni

Zimebaki siku tano kufika sendofu, sherehe ya kumuaga binti yangu Romana kabla ya ndoa. Nimeamka na wazo. Mama yake ameliona usoni kabla sijafungua mdomo, akaniomba kwa majina ya watakatifu wanne niliache. Hata hajui ni wazo gani!

Hali ilivyo. Siku ya kupokea mahari, Mzee Ludovick, baba wa bwana harusi, alisema mbele ya watu wazima kwamba kwao Dongobesh, baba anayelisha wageni wa binti yake nyama ya bucha ni baba asiye na zizi. Alisema huku anaangalia viatu vyangu. Nikasimama. Nikatangaza kwamba siku ya sendofu watakula ng'ombe wangu mwenyewe, Meneja, niliyemlea shambani Mutuka kwa mikono hii miwili. Makofi! Hata Aminiel alipiga, kwa vidole viwili. Aminiel ana bucha hapa Bagara, Babati, ng'ambo ya barabara kutoka duka langu la vipuri vya baiskeli. Bucha lina vigae. Lina kioo. Mwenyewe huvaa koti jeupe na kofia ya nailoni, mwanaume mzima, kama anasubiri kupasua mtu.

Tatizo la kwanza: Meneja anakohoa. Si kikohozi kikubwa. Ni kama kile cha mzee wa kanisa anayetaka mahubiri yaishe.

Tatizo la pili: machinjioni kuna mkaguzi mpya, Daktari Evelyne. Mfupi, mabuti ya mvua, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Nimemchunguza wiki mbili kupitia uzio, kwa kisingizio cha kutafuta baiskeli iliyoibiwa. (Haijaibiwa. Sina baiskeli.) Amewanyang'anya wasukuma ng'ombe fimbo zao zote. Nimezihesabu kwenye kona ya ofisi yake: kumi na saba. Amejengesha ukuta ili ng'ombe anayesubiri asimwone anayechinjwa. Wiki iliyopita Aminiel alileta ng'ombe anayechechemea, ameburutwa. Daktari akamzuia getini. Aminiel akaanza kutaja mkubwa anayefahamiana naye. Daktari akachomoa kalamu kwenye nywele, akafungua daftari, akauliza kwa upole: huyo mkubwa, jina lake linaandikwaje?

Aminiel aliondoka na ng'ombe wake.

Sijawahi kumpenda mtumishi wa serikali kiasi kile. Nilimnyooshea dole gumba kupitia uzio. Sasa natakiwa kupita mbele ya macho yale yale na Meneja anayekohoa. Haki ni nzuri sana ikiwa kwa jirani.

Jumanne, 24 Juni

Wazo limetekelezwa. Nimenunua dawa ya sindano kwenye duka la mifugo. Muuzaji alianza hadithi ndefu kuhusu siku za kusubiri, sijui maziwa, sijui nyama. Nikamfahamisha kwamba Meneja ni dume, hana maziwa. Akaanza upya. Nikaondoka. Watu wengine wakishapata mteja mmoja wanataka kumfanyia semina.

Maelezo kwenye chupa yameandikwa kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Miwani ilikuwa dukani. Nikakisia kipimo kwa kuangalia ukubwa wa mgonjwa.

Sindano ya kwanza iliingia kwenye mkono wa koti langu. Ya pili ilipinda. Ya tatu iliingia shingoni, upande wa kushoto, vizuri kabisa, kitaalamu. Meneja alinikanyaga. Nimejifunza mambo haya peke yangu, bila chuo, na leo nachechemea bila msaada wa mtu yeyote.

Jumatano, 25 Juni

Kikohozi kimepungua! Mchana nikampeleka machinjioni akaangaliwe mapema, ili Jumamosi kusiwe na maneno. Mbinu: nilimtembeza haraka kutoka Mutuka, ili akikohoa ionekane anahema tu.

Daktari alituangalia wote wawili. Akasema ng'ombe aliyechoka hakaguliwi. Apewe maji, akae kivulini saa nzima, kisha ataonekana alivyo. Saa nzima! Meneja alikunywa ndoo mbili, akatulia kama yuko kwao. Mimi ndiye niliyeendelea kuhema. Daktari akaniletea na mimi maji, kwenye kikombe, na kiti. Sijui kama nilikuwa nakaguliwa.

Kisha Meneja akakohoa. Mara mbili.

Akampima joto. Akamsikiliza mbavu. Wakati wote alikuwa anamnong'oneza, na Meneja, ambaye mimi hunipiga pembe nikimletea chakula, alisimama kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Halafu mkono wa Daktari ukateremka shingoni. Ukasimama. Kulikuwa na uvimbe.

Akauliza ni nini. Nikasema ameumwa na nyuki.

Akauliza lini. Nikasema jana.

Akautazama uvimbe tena, akasema huyo nyuki ana mkono mzito. Akauliza kama nimenunua dawa yoyote mahali popote. Nikamjibu kwamba mimi na dawa ni vitu viwili tofauti. Akaandika. Akasema nirudi naye nyumbani polepole, bila fimbo, atauliza mahali fulani kisha atanitumia ujumbe.

Saa moja jioni. Ujumbe! Naunakili hapa kama ulivyo:

"Shikamoo Baba Romana. Ng'ombe apumzishwe siku 28. Dkt Evelyne."

Nimeusoma mara tano. Sendofu ni Jumamosi, tarehe 28! Ameruhusu! Katika haraka amesahau kuandika "ya", lakini daktari yeyote huandika hivyo, mradi mgonjwa aelewe. Na angalia lugha aliyotumia. Hakuandika "achinjwe." Apumzishwe! Kama tulivyompumzisha marehemu baba, Jumamosi vilevile, kwa nyimbo. Mwanamke huyu anawaheshimu wanyama hata kwenye simu. Machozi yalinilenga.

Sikumwonyesha Mama Romana. Ana tabia ya kusoma kila neno.

Nimejibu: "Marahaba Daktari. Ahsante sana. Tutampumzisha siku hiyo kwa heshima zote. Padre atakuwepo, nitamwomba abariki."

Alhamisi, 26 Juni

Daktari amepiga simu mara nne. Sikupokea. Ruhusa ikishatoka haifai kuisumbua.

Nilivuka barabara kwenda kumpa Aminiel pole. Alikuwa anafuta kioo. Nikamwambia kuna watu ng'ombe wao wanafukuzwa getini, na kuna watu ng'ombe wao wanatajwa na serikali kwa maneno ya ibada. Akaniuliza kama nimekunywa. Nikamwonyesha simu kwa mbali. Akasema mbona anaona kioo kilichopasuka tu. Nikasema wivu unaharibu macho.

Hata hivyo kamati ya sendofu, bila kuniuliza, imemwomba apeleke mtamba wake machinjioni awe wa akiba. Wa akiba! Eti ikitokea la kutokea. Nimewaambia wataona aibu. Nimempigia Mzee Ludovick Dongobesh kumhakikishia kwamba Meneja amepita. Akasema vizuri, ataleta wazee sita zaidi waje washuhudie.

Romana amepita dukani na orodha ya wageni. Mia mbili. Akaniuliza, Baba, kweli ng'ombe ni mzima? Nikamwambia mzima kuliko mimi. Akanikumbatia. Ni mwalimu, anafundisha darasa la pili, na hunikumbatia kama nimepata hesabu zote.

Ijumaa, 27 Juni

Siku nzito. Naandika polepole.

Ng'ombe wa Jumamosi wanatakiwa kulala machinjioni usiku mmoja kabla, wapumue. Saa kumi jioni nikafika na Meneja, nimemfunga kitambaa chekundu kwenye pembe. Nimevaa koti langu jipya la sendofu, lile lenye bitana inayong'aa. Aminiel alikuwepo, anamshusha mtamba wake. Mlinzi akaangalia daftari, akasema Meneja hayumo. Nikamwonyesha ujumbe. Akausoma. Akaurudia kwa sauti. Akaniita mzee wangu, akasema hapa imeandikwa apumzishwe. Nikasema ndiyo, na mimi nimemleta apumzishwe, fungua.

Daktari akatoka ofisini. Akanisalimia shikamoo kwanza, kwa heshima kamili. Mtu anayekuamkia vizuri kisha anakumaliza, huyo wa kuogopa.

Akaniuliza: "Baba, padre anakuja kubariki nini?"

"Mapumziko," nikasema.

"Mapumziko yapi?"

"Ya milele."

Mlinzi akashika geti kwa mikono miwili. Aminiel akakaa chini, kwenye udongo, na koti lake jeupe, akacheka mpaka kofia ya nailoni ikamdondoka. Wasukuma ng'ombe wakarudia neno "milele" mmoja baada ya mwingine kama waitikiaji wa kwaya.

Daktari hakucheka. Hilo nitalikumbuka. Alinieleza kama anavyoelezwa mtu mwenye akili zake. Apumzishwe maana yake asiguswe na kisu. Siku ishirini na nane, dawa itoke mwilini. Kabla ya hapo wageni wangekula pilau na sindano kwa pamoja. Wapo ambao wangevimba. Na vijidudu vikishaizoea dawa kwenye sahani, siku mtoto anaumwa kweli dawa ile ile haifanyi kazi. Alikuwa amepiga simu duka la mifugo. Muuzaji alinikumbuka mara moja: yule mzee wa dume hana maziwa.

Nikafikiri haraka. Nikamwuliza kama tunaweza kula upande wa kulia tu, maana sindano ilikuwa kushoto.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba habari ya nyuki imekwisha.

Nikamweleza basi ukweli. Mzee Ludovick, zizi, viatu vyangu, wazee sita wa nyongeza. Nikasema kesho jina langu linazikwa. Akasikiliza yote. Akasema, "Pole sana, Baba Romana. Na jibu ni hapana." Hakuna "tutaona." Hakuna "njoo kesho ofisini." Katika maisha yangu nimenyimwa vitu na ofisi nyingi, lakini sijawahi kunyimwa kwa usafi namna ile.

Wakati huo mtamba wa Aminiel akagoma. Alifika kwenye mlango wa zizi, akakita miguu. Wakamsukuma, wakapiga kelele. Mmoja akatafuta fimbo kwa macho. Daktari akasema wote nyamazeni. Akaenda akasimama pale ng'ombe aliposimama, akainama mpaka macho yake yakalingana na ya mtamba, akaangalia mbele kama yeye ndiye anayeingia. Kisha akanyoosha kidole. Koti langu! Nililitundika kwenye nguzo ya mlango wakati wa kujitetea, bitana nje, likawa linapepea na kumetameta. Akanirudishia. Mtamba akaingia mwenyewe, taratibu, kama mtu anaingia benki.

Nilisahau kwamba nina huzuni. Ilibidi nijizuie kupiga makofi.

Nimerudi Mutuka na Meneja. Kila nyumba wameuliza mbona ng'ombe wa sherehe anarudi. Nikajibu yuko likizo.

Mama Romana amesema maneno mengi, yote ya kweli. Romana hakusema mengi. Alikaa mbele yangu na ile orodha mapajani. "Baba, watu mia mbili," akasema. "Na watoto wangu wa darasa la pili wanakuja kuimba. Uliniambia mzima."

Nikaichukua orodha, nikahesabu majina upya. Ni mia mbili kweli.

Jumamosi, 28 Juni

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa machinjioni. Mama Romana anaamini nilikwenda kusaidia kubeba. Ukweli, nilitaka kuona mtamba wa Aminiel akikataliwa. Kama mimi nimeanguka, basi tuwe wawili.

Aminiel naye alikuwepo, hachekelei tena. Anajiuma kucha. Kumbe kila mtu anamwogopa Daktari, hata mwenye vigae.

Mtamba alikuwa ameshaning'inizwa. Daktari alivaa aproni nyeupe, visu viwili, kimoja kwenye maji ya moto kila wakati. Akaanza kichwani. Ulimi, mashavu, akachana tezi moja moja, akanusa, akabonyeza. Mapafu akayapapasa kama shangazi anayechagua kanga. Moyo akaufungua kama kitabu. Niliomba, Mungu anisamehe, aone kitu.

Akafika kwenye ini. Akalikata. Akalikamua. Vikatoka vijiminyoo bapa, kama majani. Nikashika mkono wa Aminiel kwa furaha. Akadhani nampa pole, akanishukuru.

Lakini Daktari alilitenga ini peke yake. Akalimwagia rangi ili lisije likapotea njia na kuibukia kwenye kikaango cha mtu, likaenda shimoni. Aminiel akajaribu. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba lile ini tayari kuna mwalimu mkuu ameahidiwa. Daktari akamwambia amwahidi kitu kingine. Kisha akaendelea na kazi, figo, nyonga, mbavu, akafika mwisho, akachukua muhuri, na mtamba akapigwa zambarau mapajani na mabegani. Amepita. Hakumwonea Aminiel kwa sababu ya ugomvi wa wiki ile, wala hakumhurumia. Alisoma kilichoandikwa ndani ya ng'ombe, basi. Nilisimama pale, mguu unauma, moyo umevunjika, na nikawaza kwamba kama mitihani yangu ya darasa la saba angesahihisha huyu, leo nisingekuwa na cha kulalamikia maisha yangu yote.

Sendofu. Ukumbi umejaa. Mzee Ludovick meza ya mbele na wazee wake, kumi na wawili sasa. Chakula kikapita. Romana amependeza mno, siandiki hapa nisije nikalowesha daftari. Watoto wa darasa la pili wakaimba, wakala, wakaongezwa.

Mzee Ludovick akainua kipande cha nyama kwa uma. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde: "Xavery! Huyu ndiye Meneja?"

Nikamwona Aminiel anafuta mdomo, anajiandaa kunisaidia kujibu. Nikasimama haraka.

Nikasema: "Mzee wangu, Meneja yupo chini ya uangalizi wa serikali."

Nikaona hawajaelewa, nikaendelea. Nikasema nilimwona anakohoa. (Kweli.) Nikasema nilimpeleka kwa Daktari mwenyewe, kwa miguu yangu. (Kweli.) Nikasema mzazi mwingine angeona haya, angechinja tu, lakini mimi nikaona afadhali wageni wanione sina zizi kuliko niwalishe ng'ombe mwenye dawa. Hapo sauti ilitetemeka yenyewe.

Mzee Ludovick akaweka uma chini. Akasema mwaka juzi kwenye sherehe ya kipaimara kijijini kwao walikula ng'ombe aliyekufa zizini, kwa aibu ya kukosa nyama. Wakalazwa watu ishirini na sita. Dada yake hakurudi. Akasema tangu siku ile alikuwa anatafuta mtu mwenye ujasiri wa kuwaambia wageni "ng'ombe wangu hafai", na amempata Babati, na ndiye mkwe wake. Akaja akanikumbatia. Wazee kumi na wawili wakasimama.

Nilitazama meza ya tatu. Romana alikuwa amemwalika Daktari Evelyne, amekaa na Anjela, mke wa Aminiel. Daktari alitafuna polepole. Alitafuna muda mrefu. Nikahisi napapaswa tezi.

Akasema tu, "Ni kweli yupo chini ya uangalizi. Nitakuja kumwona tarehe 22 Julai."

Romana akanitazama kutoka jukwaani. Akatikisa kichwa. Lakini alikuwa anacheka, na aliposhuka kupiga picha alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba leo hesabu nimepata nusu.

Nusu si haba.

Jumatatu, 30 Juni

Nimelala siku moja nikitafakari sifa za Mzee Ludovick. Ametoa hoja nzito. Kama nina ujasiri wa aina hiyo, kwa nini uozee dukani kwenye cheni za baiskeli? Asubuhi nimepeleka barua halmashauri, kuomba nafasi ya msaidizi wa mkaguzi wa nyama. Uzoefu: nimemwona Daktari akifanya kazi wiki mbili mfululizo, kwa karibu, kupitia uzio. Mdhamini: Daktari Evelyne. Sijamwuliza. Atafurahi.

Dada wa mapokezi akasema nafasi hiyo ni ya waliosoma chuo cha mifugo. Nikamwambia hayo ni mambo ya karatasi. Akaniuliza karatasi zangu ziko wapi. Kijana wa kileo, hana subira.

Sikutaka siku ipotee. Wakati wa kurudi nikapita bucha la Aminiel kufanya mazoezi. Mwenyewe alikuwa mnadani. Alikuwepo Anjela, ambaye juzi alisikia kwa masikio yake nikisifiwa na wazee kumi na wawili. Akaniamkia. Nikachomeka kalamu kwenye nywele. Haikukaa, nywele zangu ni chache, nikaiweka sikioni. Nikakagua. Nikabonyeza hapa, nikanusa pale. Nyama yote ilikuwa na muhuri wa zambarau, safi, kazi ya mikono ninayoiheshimu. Lakini kulikuwa na steki moja, kilo moja na nusu hivi, laini, nikaona rangi yake inaleta maswali. Nikaguna kama Daktari anavyoguna. Anjela akashika mdomo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaiondoa kimyakimya bila kuwatia aibu, kwenda kuiangamiza kwa mujibu wa taratibu. Akanifungia vizuri kwenye gazeti. Akanishukuru!

Mama Romana ameikaanga kwa vitunguu na hoho. Ameuliza imetoka wapi. Nikasema kazini.

Nimeichunguza kipande kwa kipande, bila haraka wala upendeleo, mpaka sufuria likabaki tupu. Sikuona kasoro yoyote.

Imepita.